Mwanga Haujui Kusoma: Mti, Herufi na Nakshi kutoka Sigi hadi Visiwani

Neno kibao lina hekima yake. Asili yake ni ubao mdogo, kipande cha mti kilichochongwa kikapewa maandishi ili kimwongoze mpita njia au kimtaje mwenye nyumba. Leo kibao chaweza kuwa cha bati, cha kioo au cha plastiki, na bado tunakiita kibao. Mti umetoka katika chombo, lakini haukutoka katika jina lake. Hata wimbo uliopendwa na wengi twauita kibao, kana kwamba neno likishakubalika kwa watu hustahili kuandikwa juu ya mti.

Katika miaka ya karibuni imeingia nchini mashine inayochora na kukata vibao kwa mwali wa leza. Katika miji kama Dar es Salaam hukata majina ya maduka, ngao za mashindano, mapambo ya kuta, zawadi za harusi na aya zinazotundikwa sebuleni. Kazi iliyomchukua fundi wa patasi siku nyingi, mashine huimaliza kabla kahawa haijapoa. Wapo wanaoshangilia na wapo wanaoomboleza. Makala haya hayakusudii kuungana na kundi lolote kati ya hayo mawili. Yanakusudia kuitazama mashine hiyo katika safu ya historia inayostahili, nayo ni historia ya mti na herufi katika pwani yetu, kisha kuuliza swali moja: mkono ukishaondolewa katika nakshi, ni kazi gani inayobaki kwa binadamu, na nani ataifanya?

Mti, reli na Sigi

Historia ya nakshi huanzia msituni, si mlangoni. Kwa hiyo tuanzie Sigi, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, ambako mto wa jina hilo, wengine huutamka Zigi, huteremka kuelekea Tanga na kuwapa watu wa mji huo maji ya kunywa kupitia bwawa la Mabayani. Msafiri afikaye hapo leo hukuta lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na nyumba ya kale ya enzi za Wajerumani iliyokuwa ya stesheni na sasa imefanywa kituo cha kuwapokea wageni. Stesheni ipo, reli haipo.

Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1910. Ilichepuka kutoka Tengeni, kwenye reli kuu iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapanda kwa takriban kilomita 24 hadi Sigi. Njia yake ilikuwa nyembamba, sentimita 75 tu baina ya chuma na chuma, na mahali pengine mlima ulikuwa mkali hata gari moshi likalazimika kwenda mbele, kusimama, kisha kurudi kinyumenyume kwenye njia ya juu yake, mfano wa mtu anayepanda ngazi kwa mgongo. Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa na kampuni ya mbao, kwa ajili ya magogo. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na reli ya Sigi ilikuwa nyenzo ya chuma: ilifanya msitu uliosimama kwa karne nyingi uweze kwenda bandarini.

Kule Usambara ya Magharibi, upande wa Lushoto, kampuni nyingine ilitundika kamba za chuma kutoka Mkumbara hadi nyanda za Shume ili kuteremsha mbao za mwerezi wa milimani. Mwerezi huo ni mti uliotakiwa sana Ulaya kwa kutengenezea penseli. Kuna jambo la kutafakari hapo: mti wa Usambara ulisafiri ukawa chombo cha kuandikia, katika zama zile zile ambapo watu wa pwani walikuwa wakibadilishiwa hati yao ya kuandikia.

Msomaji asidhani kwamba milango ya Unguja na Lamu ilitoka Sigi. Milango mingi mashuhuri ilichongwa kwa msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, na mingine kwa miti ya kwetu kama mvule na mfenesi. Ninachotaka kuonyesha kwa Sigi ni kanuni. Kila pambo lililotundikwa au kusimamishwa mjini lina kisiki chake mahali fulani, na katika Usambara kisiki hicho kina tarehe.

Mlango uliosoma

Kabla ya mti palikuwa na jiwe. Ndani ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya hati ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yakitaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Aliyeyachonga hakuweka pambo upande mmoja na habari upande mwingine. Habari yenyewe ndiyo pambo. Herufi hupanda na kujipinda kama mimea, na mwenye kujua kusoma hupata tarehe humo humo machoni mwake mnapofurahi.

Mila hiyo ndiyo iliyohamia katika mlango. Mlango wa pwani una miimo yake miwili, una mfaa unaosimama katikati kuzifunika mbao mbili zinapokutana, na juu yake una ubao mpana wa kizingiti. Fundi alipanga nakshi kwa daraja. Minyororo na mawimbi vilipewa kingo, waridi na mitende vikapewa miimo, na ubao wa juu, mahali pa heshima kuliko pote, ukaachiwa maneno: aya ya Kurani, jina la mwenye nyumba, mwaka wa kujengwa. Zamani, kabla nyumba hazijapewa namba, mlango ndio uliokuwa kibao cha nyumba. Ulimwambia mgeni amefika kwa nani na nyumba ile ina umri gani.

Mtindo haukukaa mahali pamoja. Milango ya zamani ya Unguja ilikuwa na vizingiti vilivyonyooka. Katika zama za Sayyid Barghash na baada yake, mafundi waliotoka Bara Hindi wakazidisha vizingiti vya tao na majani yaliyosokotana. Siyu na Lamu walikuwa na mkono wao mwingine kabisa. Tunaposema nakshi ya Kiswahili, kwa hiyo, hatusemi kitu kilichogandishwa, bali mazungumzo ya muda mrefu baina ya mafundi wa bandari mbalimbali, waliotazamana kazi zao na kushindana.

Washairi waliujua uzito wa mapambo hayo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotaka, katika Al-Inkishafi, kuionyesha nafsi ubatili wa dunia, hakwenda mbali. Aliipeleka katika majumba ya Pate yaliyobomoka, penye zidaka zilizokuwa za fahari na sasa zimekuwa makazi ya wadudu na ndege. Yeye alituonya tusiuabudu urembo. Lakini onyo lake lisingekuwa na nguvu kama urembo wenyewe usingekuwa na maana kwa watu wake.

Hati mbili juu ya ubao mmoja

Mwaka 1904, mwaka ambao reli ya Sigi ilianza kujengwa, gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa Tanga katika shule ya serikali. Lilikuwa la Kiswahili na lilitumia herufi za Kilatini. Tangu hapo hati hiyo ilizidi kuwa hati ya ofisi, ya shule, ya tiketi na ya vibao vya barabara, na hati ya Kiarabu, ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa imebeba tenzi, barua na mikataba yetu, ikarudi nyuma hadi msikitini, chuoni na vizingitini. Kanga nayo ilipita njia hiyo. Maneno yake yaliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa Kilatini.

Mfano wa kanga una funzo. Pambo lake halikuchorwa kwa mkono kwenye kila kitambaa. Lilipigwa kwa muhuri wa mti, kisha kwa mashine za viwanda vya mbali, na hata hivyo hakuna aliyedai kwamba kanga si yetu. Sababu ni kwamba neno lilitoka kwetu. Mashine ilikuwa ya wengine, fumbo likawa la mwanamke wa pwani, naye alijua ananunua nini na anamsema nani. Hiyo ndiyo mizani nitakayotumia kuipima leza.

Mwali na kazi yake

Leza ya kwanza iliyofanya kazi iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwezi Mei mwaka 1960. Miaka minne baadaye Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa Bara Hindi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alibuni leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na mwaka 1967 Peter Houldcroft wa Uingereza akaonyesha kwamba mwali ukisaidiwa na mkondo wa oksijeni huweza kukata bamba la chuma. Bara Hindi ilitupatia msaji na mafundi wa tao. Haikosi ladha kuona kwamba aina ya leza inayokata mbao hivi leo ilibuniwa na mtoto wa nchi hiyo hiyo.

Mashine yenyewe haina uchawi. Ndani yake mna bomba la kioo lenye mchanganyiko wa gesi. Umeme ukipita humo hutoka mwali usioonekana kwa jicho. Vioo hupokezana mwali huo hadi kwenye lenzi, na lenzi huukusanya katika kitone kidogo mno, chenye joto la kuugeuza mti kuwa moshi. Kompyuta huisukuma lenzi mbele na nyuma, kushoto na kulia, ikifuata mchoro ulioandaliwa. Ukipunguza nguvu mwali huchora juu juu, ukiizidisha hupenya upande wa pili. Mkato wake ni mwembamba, sehemu chache za kumi za milimita, na kingo zake huachwa na rangi ya kahawia ya kuungua.

Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkonowe. Leza imeukimbiza mkono moja kwa moja, umebaki nje ya kifuniko. Lakini hatari haikuondoka, imebadili sura. Plastiki aina ya PVC ikikatwa kwa leza hutoa hewa yenye sumu inayodhuru mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Moshi wa mbao zilizogandishwa kwa gundi nao si wa kuvutwa. Fundi wa zamani aliogopa patasi kuteleza. Wa leo hana budi kuijua vyema mali anayoilaza chini ya mwali.

Yafaa pia tujue mpaka wa mashine hii. Mlango wa kale ni ubao mnene, na nakshi yake imezama na kuinuka, ina bonde na kilima, ina kivuli kinachohama jua likihama. Leza ndogo za mijini haziwezi hayo. Zinamudu mbao za milimita chache, plaiwudi na akriliki, na pale zinapochora mti halisi, fundo na utomvu huupokea mwali tofauti na sehemu laini. Anayechonga milango kwa mashine hutumia mashine nyingine yenye ncha inayozunguka. Leza basi haikuja kumwondoa fundi wa mlango. Imekuja kuchukua nafasi ya kibao, na humo ndimo ilimo mitihani yake.

Nukta zinazodondoka

Chukua jina la Zanjibari uliandike kwa hati ya Kiarabu. Utaona lina vipande vitatu: zei peke yake mwanzoni, rei peke yake mwishoni, na katikati nuni, jimu, bei na alifu zilizoshikana mikono. Juu na chini yake kuna nukta nne. Fundi wa patasi aliyeliinua jina hilo juu ya kizingiti hakuwa na taabu, kwani ubao wenyewe uliishika kila nukta mahali pake. Mkabidhi mtu wa leza mchoro huo huo, umwambie alikate jina litoke zima: atakupa vipande saba vilivyotawanyika mezani, na nukta nne zitakuwa zimedondoka pamoja na vumbi.

Jambo hili si dogo. Katika hati hiyo bei, tei, thei na nuni, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, hutofautishwa kwa nukta tu. Ondoa nukta, na baba na nana huwa na mifupa ile ile. Waswahili waliongeza nukta za ziada ili kupata sauti ya p isiyokuwamo katika Kiarabu, na kwa hiyo hata jina la Pemba hutegemea nukta ili lisianze kwa sauti nyingine. Mwenye kusoma ataliona kosa mara moja. Mashine haitaliona kamwe. Itakata neno lililovunjika kwa usafi ule ule inaokatia neno sahihi. Mwanga haujui kusoma.

Herufi za Kilatini zina mtihani wa kinyume. Zenyewe husimama mbalimbali, hazishikani, na zikikatwa kama matundu ndani ya ubao, sehemu za katikati hudondoka. Andika ZANZIBAR kwa herufi kubwa: A mbili, B na R zitaangusha visiwa vitano vidogo, na fundi asipoviwekea vidaraja atabaki na matundu matupu. Neno SIGI, kwa bahati yake, halina kisiwa hata kimoja. Huo ndio ujuzi mpya unaotakiwa: kujua daraja lipite wapi bila kuharibu sura ya herufi, na nukta ifungwe wapi ili jicho lisiuone uzi. Ni kazi ya mwandishi wa hati na ya mchoraji, nayo hutangulia kabla swichi haijabonyezwa. Mashine imeondoa jasho la mkono na kulihamishia katika mchoro.

Na hapo ndipo penye kasoro yetu. Michoro inayopatikana bure katika intaneti imechorwa na watu wa nchi nyingine kwa mahitaji yao. Mwenye haraka huchukua maua ya huko, akayazungushia jina la huku, akauza kama pambo la pwani. Mafundi wetu wa kale nao waliazima, sikatai, lakini waliazima baada ya kutazama, wakapima, wakachagua na kubadili. Kuazima bila kutazama ni kunakili tu.

Ubao ule unatoka wapi?

Turudi sasa Sigi, kwa sababu swali la mti halijaisha. Baada ya Wajerumani ukataji uliendelea katika Usambara ya Mashariki, na katika miaka ya 1970 na 1980 mashine nzito ziliingia msituni hadi wataalamu wa mimea walipopiga kelele na ukataji huo ukasimamishwa. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi. Jina la Sigi, lililowahi kuwa la mahali magogo yanapopakiwa, likawa jina la lango la kuingilia kutazama miti iliyosimama. Mageuzi ya namna hiyo ni machache katika historia yetu, na yanastahili kuenziwa.

Chini ya milima hiyo hiyo, wilayani Muheza, kuna shamba la miti la Longuza, ambako mitiki imepandwa kwa wingi tangu miaka ya 1950. Mtiki ndio ule ule msaji uliokuwa ukivushwa bahari. Mti wa milango ya babu zetu sasa unaota karibu na Sigi, umepandwa kwa safu na huvunwa kwa zamu. Ajabu ni kwamba vibao vingi vya leza havitengenezwi kwa mti huo, bali kwa MDF, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi na kuletwa kutoka ng'ambo. Ni rahisi, ni laini, na mwali huipenda. Lakini haipendi pwani. Ikinywa unyevu huvimba na kupasuka kingo, na masika machache yatosha kulifanya jina la mtu lisisomeke. Mlango wa msaji umesimama mbele ya bahari zaidi ya miaka mia.

Sisemi kila kibao kiwe cha mtiki. Kibao cha harusi si mlango, na haja ya siku moja si lazima ipewe mti wa miaka hamsini. Ninasema kuwa anayeandika jina la msikiti, la shule au la marehemu anaandika kitu kinachotarajiwa kudumu, na ubao mwembamba wa mtiki uliopandwa unaweza kuchorwa kwa leza vizuri kabisa bila kugusa hata mti mmoja wa Amani.

Kazi iliyobaki

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Siku ile wengi tulikumbuka kwamba mapambo ya jiwe na mti, hata yakiwa ya fahari namna gani, huishi kwa rehema ya matunzo. Mlango ukianguka bila kuchorwa, huondoka na hesabu yake yote: upana wa waridi, idadi ya pete za mnyororo, mahali herufi ilipopandishwa juu ya nyenzake ili mstari utoshe.

Mashine hii ya mwali yaweza kuwa kaburi la elimu hiyo au daftari lake. Itakuwa kaburi tukiilisha michoro ya kuokota. Itakuwa daftari endapo vijana wanaoiendesha watakaa na wachongaji waliobaki Unguja, Pemba, Lamu na Tanga, wakapima vizingiti kimoja kimoja, wakavichora kwa bikari kama vilivyochorwa kwanza, wakawauliza wenye kujua hati kabla ya kuikata hata nukta moja. Mchoro mmoja uliopimwa kwa uaminifu utakata vibao elfu, na kila kimoja kitakuwa na nasaba.

Kanga ilitufundisha kwamba mashine ya wengine haiwezi kutunyang'anya neno letu tukilishika wenyewe. Reli ya Sigi ilitufundisha kwamba nyenzo yenye nguvu ikikosa mwenye kuiuliza inachukua nini, huchukua vyote. Mafunzo hayo mawili yanatosha kuwa kanuni za karakana. Kabla ya kufunga kifuniko na kuuwasha mwali, fundi na aulize: mti huu umetoka wapi, mchoro huu ni wa nani, na neno hili limekamilika nukta zake?